Mfadhili akijiondoa, bodi ianzie wapi?

Dada, umeuliza bodi ya kituo chenu cha watoto hapo Nyalenda ifanye nini, maana mfadhili amejiondoa na pesa zilizobaki ni za miezi minne. Mimi niko kwenye bodi ya shirika dogo hapa Kisumu. Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, tulikosea jambo moja kubwa: tulingoja. Tulidhani watarudi.

Msingoje. Bodi ikutane kila wiki, hata kwa simu, na mhasibu alete karatasi moja tu: pesa zinazoingia na kutoka, wiki kwa wiki, kwa miezi mitatu ijayo. Humo mtenge pesa zilizotolewa kwa kazi maalum. Pesa ya karo isilipe kodi ya ofisi, hata mkiwa na nia safi ya kuirudisha. Hapo ndipo mashirika mengi huumia.

Wafanyakazi waambieni mapema. Mkilazimika kupunguza watu kazini, kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka notisi ya angalau mwezi mmoja, afisa wa leba naye ajulishwe, na malipo ya siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili mtu aliofanya kazi. Pesa hiyo iwekeni kando sasa hivi. Makato ya mishahara yanayokwenda NSSF (hifadhi ya jamii) na KRA (mamlaka ya ushuru) msiyaguse kabisa.

Halafu chagueni kazi moja ambayo hamwezi kuiacha. Kwenu, naona ni chakula cha mchana cha wale watoto.