Barua kwa mwanangu: kufundisha si kushuka daraja

Mwanangu mpenzi,

Huku Nairobi sisi ni wazima, na baba yako anakusalimu sana. Unasema chuo kimoja huko Ujerumani kimekupa kazi ya kufundisha fidla na kupiga katika kwarteti ya walimu wake, yaani kundi la wapigaji wanne, na wenzako wanakuambia ukiikubali umejizika, hutasimama tena peke yako mbele ya okestra. Ukaniuliza: "Mama, hii kazi ni yangu au ni ya walioshindwa?"

Ni yako, ichukue. Na kwa kuwa nakujua, neno la mama peke yake halitakutosha. Basi mfikirie mpiga fidla Joseph Joachim.

Alizaliwa mwaka 1831 huko Kittsee, sehemu iliyokuwa Hungaria enzi hizo. Mei 1844, akiwa na miaka 12, alipiga konseto ya fidla ya Beethoven, utunzi wa fidla moja na okestra, jijini London, mtunzi Mendelssohn akiongoza okestra. Konseto hiyo ilikuwa haipigwi sana tangu ilipotoka mwaka 1806. Baada ya Joachim, nani leo anajiita mpiga fidla bila kuijua? Mtu wa namna hiyo angeweza kuishi kwa makofi hadi kaburini. Lakini mwaka 1869 alikuwa Berlin, akiongoza chuo kipya cha muziki, na mwaka huohuo akaunda kwarteti iliyodumu hadi alipofariki mwaka 1907. Baadaye wenzake walikuwa De Ahna kwenye fidla ya pili, Wirth kwenye viola, Hausmann kwenye chelo: wote walikuwa walimu wa chuo hicho. Kwa hiyo hiyo kazi uliyopewa si jambo jipya lililobuniwa kuwaliwaza watu.

Wala jukwaa hakuliacha. Mwaka 1878 mtunzi Brahms alipokuwa akitunga konseto yake ya fidla, alimpelekea Joachim nota za fidla akimwomba aonyeshe palipo pagumu, pasipokaa vizuri mkononi, pasipowezekana kabisa. Brahms alikuwa mpiga piano, naye Joachim akamrekebishia na kumpendekezea namna ya kuvuta upinde. Tarehe 1 Januari 1879 wakaitoa Leipzig, Joachim akipiga na Brahms akiongoza, na kadenza aliyoiandika Joachim, ile sehemu fidla inapopiga peke yake, ndiyo uliyoifanyia mazoezi chumbani kwako mpaka majirani wakaikariri. Mimi naamini sikio alilomsaidia nalo Brahms lilinolewa kwenye kwarteti na darasani. Kwenye kwarteti hakuna mwongozaji. Ukivuta upinde mapema kidogo tu, wenzako watatu wanajua, na lazima mkubaliane kwa nini.

Sasa sikiliza jambo linalonigusa zaidi. Mwaka 1903 Joachim alirekodi vipande 5 vifupi, na katika upigaji wote wa maisha yake hivyo tu ndivyo masikio yetu yanavyoweza kupata. Lakini Leopold Auer alikuwa mwanafunzi wake, na Auer ndiye aliyewafundisha wapiga fidla mashuhuri Heifetz na Milstein kule Urusi. Karl Klingler naye alisoma kwake, na baadaye akamfundisha Mjapani mmojawapo aliyekuja Berlin kujifunza, Shinichi Suzuki. Ndiyo, Suzuki huyohuyo wa vitabu ulivyoanzia ukiwa mdogo, mimi nikikaa pembeni ya darasa na daftari, kwa maana njia yake inamtaka mzazi naye awepo. Kutoka kwa Joachim hadi kwenye kidole chako cha kwanza kugusa uzi, waliopokezana ni walimu.

Auer aliandika kwamba Joachim hakupenda kufafanua ufundi wa mikono. Akichukua fidla yake, anapiga, na mwanafunzi ajionee. Hapo, mwanangu, simsifu. Wewe una kitu alichopungukiwa. Likizo iliyopita mtoto wa jirani alikuwa upinde unamteleza kila mara kuelekea ubao wa vidole. Hukumpigia mfano. Ulimshika kiwiko, ukamwambia akifungue anapofika ncha ya upinde, na uzi ukatoa sauti safi. Uso wa yule mtoto niliuona mimi, wewe ulikuwa unatazama mkono wake.

Ila usikubali kwa macho yaliyofumbwa. Uliza kama likizo zinalipwa au unalipwa kwa saa unazofundisha tu. Uliza kwarteti imetengewa muda gani wa mazoezi kwenye ratiba. Kama jibu ni kwamba mtajipangia wenyewe baada ya vipindi, dai uandikwe kwenye mkataba, maana jioni mtakuwa mmechoka. Uliza pia kama wanakuruhusu kuondoka ukialikwa kupiga konseto mahali pengine. Joachim mwenyewe alikuwa akienda Uingereza karibu kila mwaka huku akiongoza chuo.

Wakikujibu, nipigie kabla hujatia saini. Hata usiku, simu iko karibu na mto.

Mamako akupendaye