4,294,967,297 ni tasa au siyo?

SWALI: Salaam. Nabishana na mwenzangu kuhusu 4,294,967,297, yeye anasema ni namba tasa mi nasema haiwezekani, ila nimeigawa kwa tasa zote chini ya 100 na zote zinaacha baki. Nikubali yaishe? Au kuna njia ya mkato bila kompyuta?

JIBU: Usikubali ndugu yangu, siyo tasa, ni 641 mara 6,700,417. Ila mwenzako asichekwe, hata Pierre de Fermat, yule mwanahisabati Mfaransa wa karne ya 17, aliamini hivyo hivyo. Aliziangalia 3, 5, 17, 257 na 65,537, unazipata kwa kuchukua 2 unaipandisha kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 halafu unaongeza 1, zote tasa, akaona basi na zinazofuata zitakuwa hivyo. Namba yenu ndo inayofuata, 2 kipeo cha 32 jumlisha 1, na ndo hapo hapo mambo yalipoharibika. Mwanahisabati Leonhard Euler aliivunja mwaka 1732.

Kwa mtindo wako wa kugawa moja moja ungetakiwa ufike karibu na 65,536, ambayo ndo kipeuo chake cha pili, na tasa mpaka hapo zinazidi 6,500, utaacha tu. Sasa njia ya mkato: Euler alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii ukikigawa kwa 64 lazima kibaki 1. Kwa hiyo unahesabu 65, 129, 193, 257 unaendelea hivyo, unatupa zisizo tasa, unabaki na 193, 257, 449, 577, halafu 641. Ya tano tu na umemaliza!

Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kwamba unaweza kuthibitisha bila hata kugawa. 641 ni 5 mara 128 ongeza 1, na pia ni 625 ongeza 16. Angalia vizuri hapa: 5 mara 128 imepungua 1 tu kufika 641, yaani kwa hesabu ya baki (tunaangalia tu kinachobaki ukigawa kwa 641) ni sawa na −1, ukiipandisha kipeo cha 4 inakuwa 1. Hiyo ni 625 mara 2 kipeo cha 28. Na 625 yenyewe kwa baki ni −16, sasa −16 mara 2 kipeo cha 28 ni hasi ya 2 kipeo cha 32, na hiyo ndo imetoka 1, maana yake 2 kipeo cha 32 ni −1, ongeza 1 unapata sifuri, hakuna baki. Fanya kwa kalamu taratibu, inapendeza sana.

Akiendelea kubisha mpe hii: namba hiyo ni 65,536 kipeo cha pili jumlisha 1, na pia ni 62,264 kipeo cha pili jumlisha 20,449 kipeo cha pili. Tasa haiwezi kuandikwa kwa njia mbili namna hiyo, ikiweza ni moja tu. Na kwenye mlolongo ule wa Fermat, mpaka leo hakuna aliyepata tasa nyingine baada ya 65,537.