Kishikwambi kimoja, watoto themanini: jinsi ya kuwasaidia waliokwama kusoma

Vishikwambi vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, kwa hiyo leo si ajabu kumkuta mwalimu wa Darasa la Tatu ana kifaa kizuri mkononi, watoto themanini mbele yake, na kumi na kitu kati yao hawasomi. Kifaa kinaandalia masomo, kinabeba makundi ya WhatsApp ya walimu, basi. Kwa mtoto aliyekwama, kinafaa zaidi kikitumika kama kinasa sauti kuliko kama televisheni. Video utamwonyesha baadaye, ukishajua amekwamia wapi.

Tatizo ni kwamba taarifa tuliyo nayo huwa ni neno moja tu: "hajui kusoma". Mmoja hazijui herufi. Mwingine anazijua zote ila haziungi. Wa tatu anasoma "baba" na "samaki" vizuri, akifika kwenye "mbwa" anasimama kama gari lililoishiwa mafuta. Hawa watatu ukiwaweka kwenye programu moja, wawili watapoteza muda.

Usianze kwa kuwarekodi wote themanini. Anza na imla ya maneno kumi kwa darasa zima, kipindi kimoja kinatosha: baba, kula, samaki, mbuzi, chakula, kwetu, shamba, nyumba, ng'ombe, mbwa. Matatu ya kwanza ni silabi za konsonanti moja na irabu. Yanayofuata yana konsonanti zilizoungana, na mawili ya mwisho ndiyo yanayokamata wengi. Aliyepata nane na kuendelea mwache aendelee na darasa. Aliyepata kati ya manne na saba, angalia amekosa yapi, mara nyingi utaona ni familia moja ya silabi. Wenye chini ya manne ndio wa kurekodi.

Mrekodi mtoto mmoja mmoja, dakika moja, akisoma aya ya maneno kama arobaini ambayo hajawahi kuiona. Hilo la mwisho lina uzito, maana watoto wengi wamezikariri kurasa za mwanzo za kitabu kwa kuwasikia wenzao, na wanaweza "kusoma" huku macho yapo dirishani. Weka kifaa mezani karibu na mdomo wake, mbali na dirisha, wakati wengine wako nje. Faili lipe namba yake ya kwenye rejesta na tarehe, usiandike jina. Rekodi ya dakika moja huwa kama MB 1, hivyo nafasi haitakusumbua.

Kisha sikiliza ukiwa umetulia, kalamu mkononi. Darasani sikio husikia tu kwamba mtoto anasuasua, ila ukirudia rekodi mara ya pili unasikia kosa lenyewe. Chukua sentensi "Mbwa anakunywa maji". Mtoto anasoma: "mu-bu-wa a-na-ku-nyu-wa ma-ji". Huyu silabi anazijua. Anachofanya ni kupachika irabu katikati ya kila konsonanti mbili, kwa sababu amefundishwa ba be bi bo bu mpaka akaamini kila konsonanti lazima ifuatwe na irabu yake. Dawa yake ni kadi tatu zinazopangwa kwa mfuatano: ba, bwa, mbwa. Halafu nya, nywa, kunywa, anakunywa. Siku tatu nne za hizo zinamsaidia kuliko mwezi wa kurudia alfabeti.

Kuna kosa jingine ambalo halipaswi kuhesabiwa. Mtoto anayesema "karamu" akiwa anaangalia neno "kalamu" huenda anasoma sawasawa, isipokuwa lugha ya nyumbani kwao haitenganishi r na l. Mwulize hicho kitu ni nini. Akikuonyesha kalamu, amesoma. Matamshi yana kipindi chake.

Kabla hujampa mtu jina la "mzito", kagua macho na masikio. Kishikwambi kinasaidia hapa bila programu yoyote: ongeza ukubwa wa maandishi mpaka neno moja lijaze nusu ya kioo. Aliyekuwa anakwama akianza kusoma, huenda shida yake ni ya macho, na mzazi aitwe ampeleke hospitali. Kwa masikio, simama nyuma yake hatua mbili, mnong'oneze jina lake na jambo moja la kufanya.

Makundi sasa. Kifaa kimoja kinabeba watoto wanne, wakizidi hapo watatazama visogo vya wenzao. Wapange kwa aina ya kosa. Alama za mtihani ziache, mwenye shida ya "mbwa" akae na wenye shida ya "mbwa". Dakika ishirini, siku nne kwa wiki, asubuhi kabla ya mstari au baada ya uji, kwa muda ambao mwalimu mkuu na mwalimu wa taaluma wanaujua, la sivyo utaliwa na usafi. Dakika tano za mwanzo ni za kadi mkononi, kumi za kishikwambi, tano za mwisho ni za kuandika maneno yaleyale kwenye daftari. Hizo tano za daftari ndizo zinazoachwa mara nyingi, na ndizo zinazoonyesha kama kitu kimeingia.

Kioo kiwe na mkono mmoja kwa wakati mmoja. Bila sheria hiyo, mwepesi kati ya wanne atabonyeza kila kitu na watatu watakuwa wasindikizaji. Wa mwisho kwa uwezo aanze kubonyeza, mwepesi awe wa mwisho.

Tahadhari na programu zinazotoa majibu matatu ya kuchagua. Mtoto anajifunza haraka kubonyeza mpaka kijani kiwake na "hongera" isikike. Hata asiyejua kitu atapata kama tatu kati ya kumi kwa kubahatisha. Aliyepata sita, ukiondoa bahati, pengine anajua manne tu: manne anayoyajua, na theluthi ya sita yaliyobaki ni mawili ya kudokoa. Zima kioo, andika maneno yaleyale kwenye karatasi, asome. Namba ya karatasi ndiyo uiandike kwenye kumbukumbu zako.

Mkoa wa Tanga ulikuwa uwanja wa majaribio ya mashindano ya Global Learning XPRIZE, ambapo watoto wa vijijini walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia tableti zilizochajiwa kwa umeme wa jua, na mwaka 2019 timu za onebillion na Kitkit School zikatangazwa washindi wa pamoja. Matokeo hayo hutajwa sana kwenye semina. Kinachosahaulika ni kwamba kila mtoto alikuwa na tableti yake, na walengwa walikuwa watoto ambao shule ilikuwa haiwafikii. Mwenye kifaa kimoja kwa watoto themanini hawezi kunakili mpango ule.

Programu ambayo sijaona mbadala wake ni sauti yako mwenyewe. Jirekodi ukisoma aya ileile polepole, ukiacha kimya cha sekunde mbili kila mwisho wa sentensi ili mtoto arudie. Yeye anafuata kwa kidole kwenye karatasi. Haihitaji bando, lafudhi ni anayoijua, na aya unaichagua kulingana na kosa ulilolisikia. Hadithi fupi za Kiswahili za kusoma bure ziko kwenye tovuti ya African Storybook, pakua chache ukiwa mjini. Vitabu vya kiada viko Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania). Ila ukichukua aya ya kitabu cha Darasa la Kwanza kumpa mtoto wa Darasa la Tatu, iandike upya kwenye karatasi nyeupe. Jalada lile wenzake wakiliona watamcheka, na kesho hutamwona.

Kuhusu kifaa chenyewe nitapita haraka. Zima data na arifa kabla ya kipindi. Tumia kipengele cha kubandika programu kwenye skrini, kipo kwenye mipangilio ya usalama, ili mtoto asitoke akaingia kwenye picha zako. Tundu la chaji hufa mapema kuliko betri kwa sababu ya waya kuvutwa, hivyo usiruhusu kitumike kikiwa kinachajiwa. Na power bank iliyoandikwa mAh 10,000 isikudanganye: ikishapandisha umeme kufikia volti 5 na mwingine ukapotea kama joto, kinachofika kwenye kifaa ni kama 6,000, yaani chaji moja ya tableti ya kawaida.

Wenye bahati ya vifaa kadhaa wanaweza kuweka Kolibri, programu ya masomo isiyohitaji intaneti, kwenye laptop moja na kuisambaza kwa ruta ndogo isiyo na laini, watoto wakasoma bila intaneti. Kukatika kwa kazi hiyo kuna sababu mbili za kila mara. Hotspot ya Windows haipokei zaidi ya vifaa 8, ndiyo maana ninasema ruta. Ya pili, Android ikigundua Wi-Fi haina intaneti huuliza kama ubaki umeunganishwa, na mtu akikataa, kifaa kinahama mtandao na ukurasa haufunguki. Kubali, na uweke alama ya kutoulizwa tena.

Rekodi tena kila baada ya wiki mbili, aya mpya, dakika moja. Mtoto atoke kwenye kundi akisoma aya mpya ya maneno arobaini kwa makosa yasiyozidi manne, siku mbili tofauti. Siku moja haitoshi, siku nyingine mtoto ameamka vizuri tu. Rekodi ya kwanza na ya sasa mpigie mzazi azisikilize zikifuatana, ni rahisi kuelewa kuliko alama yoyote ya ripoti, na yule asiyejua kusoma mwenyewe anaisikia tofauti. Kama wiki sita zimepita na kosa ni lilelile, acha kuongeza dakika. Badilisha njia, au tafuta mwalimu mwenye mafunzo ya elimu maalumu amsikilize huyo mtoto kupitia rekodi ulizonazo. Akihama shule, mpe mwalimu wake mpya maelezo ya kosa kwa maandishi, kisha zifute sauti zake kwenye kifaa.