Jibu kwa dada anayekwenda Sierra Leone kujitolea

Dada uliyeuliza, nimekusoma. Umemaliza mafunzo, mwezi ujao unaripoti wodini Sierra Leone, na unahofu utaonekana hujui kitu. Mimi ni muuguzi wa Mombasa. Mwaka 2015 nilikuwa huko huko, katika kikosi cha Umoja wa Afrika kilichokwenda kusaidia wakati wa Ebola. Hali ya sasa si ile, lakini siku za mwanzo kazini zinafanana popote.

Mafunzo yetu yalikuwa marefu upande wa virusi na mafupi mno upande wa watu. Kuvaa tulijifunza mpaka tukawa tunaota: buti, glavu jozi mbili, suti, barakoa, miwani, aproni. Jina lako na saa uliyoingia vinaandikwa kwa maka juu ya nguo, maana humo ndani hatambuliki mtu. Hakuna aliyetuambia kwamba bosi wako wa kweli ni kijana mwenye bomba la klorini mlangoni pa kutokea.

Ukitoka eneo la wagonjwa umeshapikika kwa joto, miwani ina ukungu, unataka kuvua tu. Yeye anakupulizia, anakuamuru: geuka, inua mikono, nawa, sasa vua hiki, nawa tena. Kila hatua kwa sauti, bila haraka. Kuvua ndiko kwenye hatari kuliko kuvaa, maana umechoka na uchafu uko nje ya nguo. Aliyekuwa akinisimamia alikuwa dereva wa okada kabla ya ugonjwa, ndiyo bodaboda zao. Niliona madaktari wenye digrii wakisimama kimya wakimsikiliza, na mmoja aliyeanza kubishana alikatazwa kuingia siku hiyo. Nilimheshimu sana yule kijana.

Kwa hiyo ushauri wangu mkubwa: wiki za mwanzo fuata, usiongoze. Jua nani ana ufunguo wa stoo ya dawa, daftari la wagonjwa linajazwaje, nani huitwa oksijeni ikiisha usiku. Wale wauguzi wamepita mambo mazito. Hospitali ya mji wa Kenema, iliyokuwa na wodi ya homa ya Lassa (ugonjwa wa virusi unaoenezwa na panya) miaka mingi kabla ya Ebola, ilipoteza wafanyakazi wengi, akiwemo Dkt. Sheik Umar Khan, mkuu wa wodi hiyo, aliyefariki Julai 2014. Ukiingia na maneno ya "sisi kwetu tunafanya hivi", watakuitikia kwa adabu, basi, hutasikia lolote la maana tena. Krio, lugha inayosemwa na wengi huko, jifunze mapema, hata kama hospitali inaendeshwa kwa Kiingereza. Bibi mgonjwa ukimwamkia "Kushe" kwanza, atakueleza tumbo linamuuma wapi.

Malaria usiichezee. Kwetu watu wa pwani tuna mazoea ya kusema "kahoma tu". Kule mwaka 2015 homa ilikupeleka moja kwa moja kutengwa hadi kipimo kirudi, uwe mgeni au mwenyeji. Meza dawa ya kinga kama ulivyoandikiwa na daktari, lala ndani ya neti. Chanjo ya homa ya manjano uipate angalau siku 10 kabla ya kusafiri, na kadi yake iwe mkononi, si ndani ya begi lililopakiwa.

Mengine madogo: uwanja wa ndege uko Lungi, ng'ambo ya maji, na kuingia Freetown watu wengi huvuka kwa boti. Mvua ikianza Mei haina utani, hadi Oktoba. Chakula hutalalamika, ni wali kila siku, na majani ya muhogo kwa mawese, kisamvu kile kile ila wao hawana huruma na pilipili.

Umeuliza pia kama umwambie mama sasa au ukishafika. Mwambie sasa. Wangu nilimwambia mapema, akalia, akaita shangazi zangu wote, tukabishana mpaka usiku, lakini nilipanda ndege hakuna aliyesikia kwa jirani. Kubaliana naye siku ya kupiga simu, na mpe namba ya mtu wa ofisi yenu atakayempigia kama mtandao umekata.