Langkawi ilitoka kusini?

SWALI: Nasikia magharibi mwa Thailand na Malaysia palishikana na Australia. Visukuku vinathibitishaje, na umri wa mawe ya chokaa hupimwaje? Msomaji, Tanga.

JIBU: Kipande hicho cha bara huitwa Sibumasu. Katika kisiwa cha Langkawi, Malaysia, tabaka za mawe ziitwazo Singa zina kokoto zilizodondoka kutoka barafu iliyoelea baharini, takriban miaka milioni 290 iliyopita. Brakiopodi (wanyama wa baharini wenye magamba mawili) wa wakati huo ni wa maji baridi, jamaa za wale wa Australia Magharibi. Mashariki ya mshono wa Bentong-Raub, mstari ambapo Sibumasu iliungana na kipande kingine cha bara, chokaa za Permi (kipindi hicho hicho cha kale) zina fusulinidi, viumbe vya bahari yenye joto, wengi wenye umbo la punje ya ngano. Sibumasu ilipobanduka na kusogea kaskazini, fusulinidi wakaingia kwake pia. Mgongano wa vipande hivyo viwili ulikuja katika Triasi, kipindi kilichofuata Permi. Kokoto peke yake zisingetosha kuthibitisha kwamba ilishikana na Australia. Barafu ilikuwapo sehemu nyingi za kusini.

Kwa umri, tafuta konodonti, vijimeno vya wanyama wa baharini waliotoweka, ambavyo kwa kawaida havifiki milimita 2; aina zake ndizo hutambulisha umri wa jiwe. Ponda kilo 2 za chokaa, loweka kwenye asidi ya asetiki ya asilimia 10, na ubakize sehemu ya asidi iliyokwisha kutumika kila unapobadilisha, kwani mpya tupu huvikwangua. Asidi ya haidrokloriki usiitumie: huyeyusha meno yenyewe. Chuja, kausha, kisha chambua chini ya hadubini. Vikitoka vyeusi tii, jiwe lilipashwa zaidi ya nyuzi 300 za Selsiasi.