Spika mbili, wasikilizaji watatu: kupanga viti ili mwimbaji asihamie kwenye spika moja

Ukisikiliza peke yako, kazi ni nyepesi. Spika mbili na kiti kimoja vikikaa kwenye pembetatu yenye pande sawa, mwimbaji anasimama katikati, pale pasipo na spika yoyote. Balaa linaanza mtu wa pili anapokaa kando yako. Huyo hamsikii mwimbaji katikati. Anamsikia akitoka ndani ya spika iliyo karibu naye, na ile ya mbali ni kama imezimwa. Wengi hapo hukimbilia kitufe cha balansi, kile kinachoipa spika moja sauti zaidi ya nyingine. Kiache kilivyo, maana ukimtengenezea aliyekaa kushoto umeshamharibia aliyekaa kulia.

Kabla ya kusogeza chochote, hakikisha nyaya zimefungwa sawasawa: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, kwenye amplifaya na kwenye kila spika. Spika moja ikigeuziwa waya, besi inanyauka na sauti ya mtu inatawanyika chumba kizima bila kuwa na mahali pake. Ukiwa na kosa hilo unaweza kuhamisha viti hadi usiku bila kupata kitu. Weka rekodi ya mtu mmoja anayezungumza, bonyeza mono (sauti ile ile kwenye spika zote mbili) kama amplifaya yako inayo, kisha kaa katikati kabisa. Mzungumzaji anatakiwa awe mbele ya pua yako, mwembamba, kama amesimama pale. Rekodi hiyo iweke karibu, utaihitaji kila hatua.

Sasa sababu. Sikio humwamini aliyetangulia. Katika hewa ya nyuzi joto 20 sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani kama sentimita 34 kwa kila milisekunde. Spika moja ikikutangulia kwa chini ya milisekunde 1 hivi, ubongo bado unazichanganya sauti zote mbili na kumweka mwimbaji mahali fulani kati ya spika, ila amesogea upande wa ile iliyotangulia. Ikizidi hapo, ubongo unaishika spika ya kwanza na mwimbaji anaganda humo. Tofauti ya ukubwa wa sauti kati ya spika ya karibu na ya mbali mara nyingi haifiki hata desibeli 2, na ndiyo maana kitufe cha balansi hakifiki kwenye mzizi wa tatizo.

Kwa hiyo namba ya kukumbuka ni sentimita 34. Chukua futi ya kupimia, ishike pale kichwa cha kila msikilizaji kitakapokuwa, na upime hadi spika ya kushoto, kisha ya kulia. Kiti ambacho tofauti yake iko chini ya sentimita 34 bado kina stereo. Kilichozidi kinasikiliza spika moja, hata kama mwenye kukikalia hajui.

Unaweza pia kukadiria kabla hujabeba sofa. Zidisha umbali kati ya spika mbili kwa umbali wa kiti kutoka mstari wa kati wa chumba, kisha gawanya kwa umbali wa msikilizaji wa katikati hadi spika moja. Tuseme spika zimeachana mita 2.4 na msikilizaji wa katikati yuko mita 2.4 kutoka kwa kila moja, pembetatu ile ile ya vitabuni. Aliyekaa nusu mita pembeni anapata 2.4 mara 0.5 gawanya kwa 2.4, yaani sentimita 50. Amekwisha. Zilete spika hadi ziachane mita 2, rudisha sofa nyuma hadi wa katikati awe karibu mita 3 kutoka kila spika, na mtu yule yule anakuwa na tofauti ya sentimita 33. Yuko ukingoni, lakini ndani.

Dawa ya kwanza basi ni hiyo: bana spika, rudisha viti. Gharama yake ni upana wa jukwaa, yaani lile eneo ambamo wanamuziki wanasikika wamejipanga mbele yako. Pembetatu ya pande sawa inakupa pembe ya nyuzi 60 kati ya spika. Mpango huu wa pili umeshuka hadi karibu 40. Okestra inabanwa kidogo. Kwa sebule yenye watu wawili au watatu tungechagua hiyo bila kusita. Chini ya hapo hatushauri, kwa sababu hapo hata wa katikati anaanza kusikia kama redio moja kubwa.

Wawili wakikaa kwenye sofa, swali ni nani akae kwenye mstari wa kati. Jibu letu: asikae yeyote. Weka ufa wa kati ya mito miwili kwenye mstari huo, kila mmoja awe sentimita 30 kutoka katikati. Hata kwenye pembetatu ya kawaida tofauti inakuwa sentimita 30 tu, na wote wawili wanabaki na stereo. Mwimbaji atasogea kidogo kwa kila mmoja, huyu kushoto na yule kulia, ila hatoganda. Ukimpa mmoja kiti cha katikati, mwenzake anasukumwa hadi sentimita 60 na anapotea kabisa.

Watu watatu ndio mtihani. Wa pembeni wako sentimita 60 au zaidi kutoka katikati, na kubana spika peke yake hakutoshi. Hapa ndipo unapogeuza spika kwa ndani kuliko kawaida, hadi mielekeo yake ikatane mbele ya wasikilizaji badala ya kukutana kwenye kichwa cha wa katikati. Mantiki yake ni hii: twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba za juu, haitupi sauti sawa pande zote, inaimimina zaidi mbele yake. Spika ya kushoto ikigeuzwa ndani sana, aliyekaa kushoto anakuwa ubavuni mwake na kuipata ikiwa imepungua, huku ya kulia ikimtazama usoni. Iliyo karibu inawahi lakini imefifia. Ya mbali inachelewa lakini ina nguvu. Kimoja kinafidia kingine, na mwimbaji anarudi kuelekea katikati.

Bandika kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi sakafuni, kwenye mstari wa kati, sentimita 30 mbele ya magoti ya aliyekaa katikati. Funga uzi katikati ya uso wa spika, uvute hadi kwenye alama, na geuza spika mpaka uzi, ukiutazama kutoka juu, uwe pembe mraba na uso wake. Fanya hivyo kwa zote mbili. Kisha cheza ile rekodi ya mzungumzaji na ukae kiti cha pembeni. Akiwa bado ameganda kwenye spika ya karibu, sogeza alama sentimita 20 zaidi kuelekea spika, na urudie. Kila ukisogeza, rudi pia katikati usikilize matoazi na herufi S: wa katikati naye sasa yuko nje ya mwelekeo wa spika zote mbili, na ukizidisha, sauti inamfikia kama imefunikwa blanketi. Hapo rudi hatua moja. Spika ambazo sauti yake hupungua polepole na kwa ulaini kadiri unavyokwenda ubavuni, hasa zenye twita iliyozama ndani ya mdomo kama wa tarumbeta au bakuli, huitikia vizuri sana. Zile ambazo sauti yake hubadilika tabia ghafla ukisogea kidogo zitakusumbua. Faida ya bure: spika iliyogeuzwa ndani inapunguza sauti inayopiga kuta za pembeni zilizo karibu nayo.

Kimo kisisahaulike. Twita iwe usawa wa masikio ya aliyekaa, na hiyo pimwe mtu akiwa ameshazama kwenye sofa, maana sofa laini humeza sentimita nyingi. Mara nyingi inaangukia kati ya 90 na 100.

Kama chumba ni kirefu kuliko kipana, kuna ujanja ambao watu huusahau: panga viti mbele na nyuma, vyote kwenye mstari wa kati. Tofauti ya umbali kwa wote ni sifuri. Kiti cha nyuma kiinuliwe hadi kichwa cha wa mbele kisizibe twita, na kisigusane na ukuta.

Kuhusu ukuta huo wa nyuma, na besi kwa jumla, hapa sheria ni nyingine kabisa. Chumba chenye upana wa mita 4 kina mawimbi yanayosimama ya karibu hezi 43 kati ya kuta za pembeni: yanajaa kwenye kuta na kufa katikati. Sabufa (spika ya besi nzito peke yake) moja iliyosukumwa kwenye kona huyaamsha yote. Matokeo yake ya kuchekesha ni kwamba aliyekaa kiti cha heshima, katikati kabisa, ndiye anayekosa besi, na waliobanwa pembeni wanalalamika kuwa imezidi. Kuongeza sauti ya sabufa hakusaidii. Ukiweza, tumia sabufa mbili, moja katikati ya ukuta wa kushoto na moja katikati ya ukuta wa kulia, kwa sauti sawa na nyaya zikiwa zimefungwa kwa mpangilio ule ule. Zikisukuma pamoja kutoka pande zinazotazamana, wimbi hilo haliamki, na viti vyote vinapata besi inayofanana. Ukiwa na moja tu, iondoe kona na uijaribu katikati ya ukuta wa mbele.

Viti vilivyogusana na ukuta wa nyuma vinavimba besi kwa sababu hiyo hiyo. Vivute mbele angalau nusu mita. Usivipeleke nusu kamili ya urefu wa chumba, kwani huko nako besi ya chini kabisa inatoweka. Spika zenyewe zisiwe mbali sawa na ukuta wa nyuma yake na ukuta wa ubavuni: ikiwa kote ni sentimita 85, kuta mbili zinafuta masafa ya karibu hezi 100 kwa pamoja, na shimo hilo linasikika kwenye kila kiti.

Sofa ya herufi L ina kiti kimoja ambacho hakiokoki, kile cha mwisho wa mguu kilicho ubavuni mwa spika. Mpe asiyejali.

Ikiwa watu ni wanne au zaidi, na una resiva (amplifaya ya spika nyingi) yenye njia ya katikati, weka spika ya tatu na uiruhusu ibebe sauti za watu. Wazo hilo si jipya. Mwaka 1933 wahandisi wa Bell Labs, maabara ya utafiti wa simu ya Marekani, waliporusha muziki wa okestra kutoka Philadelphia hadi Washington kwa waya, walitumia njia tatu, kushoto, katikati na kulia, kwa ajili ya ukumbi uliojaa wasikilizaji.

Mpango ukishakubalika kwenye viti vyote, zungushia utepe huo wa karatasi kila pembe ya spika na miguu ya sofa sakafuni. Siku ya kufagia, vyote vitasogezwa.