Wakili, hivi sie wapiga kura tunaweza kumng'oa mbunge kabla ya miaka mitano?

SWALI: Shikamoo wakili. Mi ni mkulima wa korosho huku mkoani Mtwara. Mbunge wetu toka tumpe kura tunamsikia redioni tu, ahadi ya kisima kimya, hela za mfuko wa jimbo hatujui zinaliwa na nani. Hapa kijijini tunabishana, wengine wanasema tukikusanya saini anatoka, wengine wanasema tumpeleke mahakamani. Sheria inasemaje? Na huyu mtu ni wetu au ni wa chama?

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Nianze na hilo la saini maana naulizwa sana: hakuna kitu kama hicho. Hata mkisaini wilaya nzima mkampelekea Spika, Katiba yetu haina kipengele cha wapiga kura kumtoa mbunge kabla ya muda wake. Kilikaribia kuwepo. Rasimu ya Katiba mpya iliyoandikwa na tume ya Jaji Warioba, ya Desemba 2013, iliweka haki hiyo, pamoja na ukomo wa vipindi vitatu vya ubunge, ila ikabidi ipite kwenye Bunge Maalum la Katiba ambalo wabunge wote walikuwa wajumbe, na Katiba Inayopendekezwa ilivyotoka 2014 vyote viwili havimo. Kesi ya ngedere hakimu nyani, ulitegemea nini?

Mahakamani nako mtapoteza nauli tu. Kesi ya uchaguzi inafunguliwa ndani ya siku 30 toka matokeo yatangazwe, na inahusu uchaguzi wenyewe ulivyoendeshwa, siyo kisima. Ahadi ya jukwaani haijawahi kuwa mkataba.

Sasa nani anaweza kumng'oa? Chama. Soma Ibara ya 71, mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni basi na kiti kimekwenda, na kugombea bila chama hakuruhusiwi, Mchungaji Mtikila alishinda kesi ya mgombea binafsi Mahakama ya Afrika pale Arusha Juni 2013 lakini mpaka leo sheria iko vile vile. Ibara hiyo hiyo inasema akikosa mikutano mitatu ya Bunge mfululizo bila ruhusa ya Spika anapoteza ubunge, ila asipokanyaga kijijini kwenu miaka yote mitano, hamna ibara inayomgusa. Kwa hiyo swali lako la mwisho, kwa karatasi ni wenu, kwa kumuwajibisha ni wa chama.

Na tusiwaonee wabunge, maana 2018 tuliona kwa macho. Ushuru wa korosho ghafi zinazokwenda nje ulikuwa unagawanywa, asilimia 65 inarudi kwenye zao, huko ndo salfa (dawa ya mikorosho) na miche ilikuwa inatokea, 35 inakwenda Hazina, ikaja Sheria ya Fedha ya mwaka huo ikataka zote ziende Mfuko Mkuu wa Serikali, yaani huko huko Hazina. Wabunge wa kusini walisimama Dodoma wakapinga, hata wa CCM, na walipinga kweli siyo kuigiza, lakini ikapita na hela ikaondoka. Kumbuka bajeti inapigiwa kura kwa kuitwa jina mmoja mmoja, ndiyo au hapana, chama kinasikiliza, na Bunge likiikataa Ibara ya 90 inampa Rais nafasi ya kulivunja, wote mrudi kwenye kampeni. Mi naona watetezi tulikuwa nao, ila kuongea kwa ukali ni bure na kupiga kura ya hapana ina gharama, ndo maana ukitaka kumjua mbunge wako usiishie kwenye klipu za WhatsApp, ingia kwenye tovuti ya Bunge utafute Hansard (kumbukumbu rasmi za Bunge) ya siku ya kura ya bajeti, majina yamo.

Mfuko wa jimbo, yaani hela za Serikali za kuchochea miradi jimboni, ndo mna pa kushika. Sheria yake ni ya 2009 na hela haziingii mfukoni kwa mbunge, zinaingia akaunti ya halmashauri, ila kamati inayopanga miradi mwenyekiti wake ni yeye (huo mpangilio mi siupendi, lakini ndo uliopo). Mwambieni diwani wenu aulize kwenye baraza la madiwani, mbunge naye ni mjumbe mle, na kikao cha baraza kiko wazi, mnaruhusiwa kwenda kukaa na kusikiliza. Msipojibiwa, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri barua ya kuomba taarifa za miradi ya mfuko kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, ana siku 30 za kujibu. Andikeni kwa jina la mtu mmoja, siyo "wananchi wa kijiji", na nakala yenu igongwe muhuri wa mapokezi pale masjala kabla hamjaondoka.